Raketi Iliyovuka Mpaka

Alfajiri ile ya Jumapili Yassir alinyata sebuleni kwake mwenyewe kama mwizi, akauokota mfuko wa raketi uliokuwa miguuni pa mgeni aliyelala, akatoka nao nje huku ameziba mdomo asije akacheka kwa sauti. Baridi ya Agosti ya Tunduma ilikuwa inakata masikio, lakini yeye wala hakuisikia. Alikuwa ameingojea siku hiyo tangu siku aliyooa.

Mgeni huyo ni Luhende, na Luhende alikuwa mtani wake. Yassir ni Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja mpakani kutafuta maisha akawa wakala wa forodha, kazi yake kuhangaikia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Luhende ni Msukuma, mwana wa mzee Makene aliyeshukia bonde la Kamsamba na ng'ombe wake baada ya malisho kwisha kwao. Mzaramo na Msukuma wakikutana popote katika nchi hii hawaamkiani kama watu, wanaamkiana kwa matusi. Mtani anaingia kwako bila hodi, anabeba kuku wako, anabeba kofia yako, akitaka anabeba na kitanda, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unakomboa kitu chako kwa fidia atakayoitaja, unacheka, basi. Anayenuna ndiye mwenye aibu. Wala mtani haombi radhi, maana ukimwomba radhi umemwambia kwamba ulichomfanyia hakikuwa utani.

Siku Yassir anamwoa Naila, Luhende aliiba viatu vya bwana harusi. Viatu vipya, vyeusi, vya kujitazamia uso. Yassir alifunga ndoa amevaa kanzu nyeupe juu na kandambili za kuogea chini, na picha zipo mpaka leo ukutani. Alivikomboa kwa beberu. Watu walicheka mpaka machozi, naye akacheka kuliko wote, akamnyooshea kidole Luhende akamwambia, "Msukuma wewe, siku yako kubwa nayo itakuja."

Sasa ilikuwa imekuja. Chama cha wasafirishaji wa mpakani kilikuwa kimeandaa mashindano ya tenisi ya wanaume wa kulipwa, yaani wanaume wanaoishi kwa raketi kama wengine wanavyoishi kwa jembe, kwenye uwanja wa saruji ambao wakandarasi wa barabara waliuacha kambini kwao pale Mpemba. Wachezaji walitoka Dar es Salaam, Mbeya, Lilongwe na Kitwe. Mwanzoni watu wa Mpemba walikuja kushangaa tu, watu wazima wenye ndevu zao kugombea kimpira cha manyoya, lakini kufikia nusu fainali walikuwa wamekwisha kujifunza mchezo, na walikuwa wanamtukana mwamuzi kama wenyewe.

Uwanja ule Luhende aliujua kuliko sebule ya baba yake. Ujana wake aliumaliza pale, kibarua wa kambi, anafagia saruji asubuhi na kurudishiana mipira na wahandisi jioni. Wahandisi walipoondoka walimwachia raketi mbili na ugonjwa usio na dawa. Tangu hapo alikuwa mtu wa Mbeya, Iringa na Morogoro, anafundisha watoto wa matajiri na kucheza mashindano ya hapa na pale, na umri unakwenda. Mzee Makene alikuwa ametoa kauli yake ya mwisho: mwaka huu usipopata kitu cha maana, urudi kwenye ng'ombe. Na kitu cha maana kilikuwepo. Mshindi wa Mpemba angeingia moja kwa moja kwenye mashindano makubwa ya Lusaka, na klabu moja ya huko ilikuwa imeahidi kumchukua awe mchezaji wao, nyumba juu yao. Luhende alikuwa amefika fainali bila kupoteza hata seti moja. Aliyebaki mbele yake alikuwa Danford, Mnamwanga wa ng'ambo ya Nakonde, mtu ambaye Luhende hajapata kushindwa naye.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na raba zake na zile raketi mbili. Mipini ya raketi hizo Luhende alikuwa ameizungushia ngozi ya ndama, dada yake Kabula akaishona kwa mkono, na kwa miaka mingi ya jasho ngozi ilikuwa imejifinya ikashika umbo la vidole vyake. Mtu mwingine akizishika alihisi kama amevaa kiatu cha mwenzake.

Yassir aliyajua hayo yote. Ndiyo maana alichagua mfuko na si kofia.

Aliupeleka kwenye lori la Jairo. Jairo, Mnyiha wa Igamba, mtu wa kanisa na mpole, alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani tangu juma lililopita na shehena yake ya mbolea, na makaratasi ya shehena hiyo alikuwa amemkamilishia Yassir mwenyewe. Jana yake tu Yassir alikuwa ameambiwa na watu wa forodha kwamba foleni ile haitasogea mpaka Jumatatu. Hapakuwa na maficho salama zaidi ya hapo Tunduma nzima. Jairo alikuwa anachemsha chai kwenye jiko lake dogo ubavuni mwa gari.

"Nifichie huu mfuko kwenye kabati lako," Yassir alimwambia. "Wa mtani wangu. Nitaufuata kabla hawajaanza kucheza."

"Nyie Waswahili na utani wenu," Jairo alisema, akaupokea. "Sisi kwetu ukichukua kitu cha mtu unaitwa baraza la kijiji."

Luhende alipoamka akakuta mfuko haupo, hakuuliza mtu. Alikunywa uji wa Naila, akapanda gari akaja Mpemba mikono mitupu, na alipomwona Yassir kati ya watu akaanza kumpigia kelele toka mbali.

"Wewe mla kisamvu! Mfuko wangu uko wapi?"

"Mfuko gani, mchunga ng'ombe wewe? Mimi nimeona fimbo ya kuchungia imeegeshwa pale, nikajua ndiyo unayochezea."

"Taja fidia, mvivu mkubwa. Nina kazi leo, si kama wewe wa kuzaliwa barazani."

"Jogoo mweupe," Yassir alisema kwa sauti ya hakimu. "Asiye na doa hata la kidole. Na umlete mwenyewe umepiga magoti mbele ya mke wangu."

Watu walikufa kwa kicheko. Luhende naye akacheka, akapiga kifua chake kikubwa kwa kiganja. "Umempata. Haya, nenda kaniletee vitu vyangu."

Muda ulikuwepo, na pikipiki ya kukodi ilikuwepo pale pale na dereva wake amekaa juu yake anatafuna muwa. Kutoka Mpemba mpaka mpakani si safari ya kuaga nyumbani. Yassir alikuwa amekwisha kugeuka aende, ndipo simu yake ikaita.

"Bwana Yassir!" Ilikuwa sauti ya Jairo, na nyuma yake milio ya injini. "Foleni imefunguka huku! Wanavusha watu kama maji. Mbele yangu yamebaki magari machache tu. Huu mfuko nimwachie nani? Hapa mlangoni simjui mtu, na wezi wa hapa unawajua mwenyewe."

"Usimwachie mtu. Nakuja."

"Njoo mbio, ndugu yangu. Mimi siwezi kusimama, nyuma wananipigia honi."

"Nakuja, nakuja."

Akakata simu. Na hapo, badala ya kuiendea pikipiki, akasimama.

Yassir hakumchukia Luhende, na hilo lazima lisemwe. Laiti angemchukia, mambo yangekuwa mepesi. Mji ule wa mpakani ni wa watu wanaopita. Unazoeana na dereva leo, kesho yuko Ndola. Unakula na mfanyabiashara mwezi huu, mwezi ujao duka lina jina jingine. Katika mji mzima ule mtu pekee aliyeweza kumtukana Yassir kwa namna ya nyumbani, akamkumbusha kwamba ana kwao na ana watu, alikuwa Luhende. Kila alipokuja kulala pale nyumba ilijaa. Hata Naila, asiyecheka ovyo, alikuwa anacheka mpaka anaegemea ukuta. Na sasa Luhende anakwenda Lusaka, nyumba juu, na mtu wa namna ile akienda hivyo harudi. Wazo likamjia Yassir likiwa zima, halikubisha hodi: akishindwa leo, anabaki.

Akaenda kwa mama aliyekuwa anauza soda kwenye ndoo ya maji, akanunua ya machungwa, akafunguliwa. Akainywa. Hakuigugumia kama mtu mwenye haraka, aliinywa kidogo kidogo, akiitazama chupa, akiisikia baridi yake menoni. Ng'ambo ya uwanja Luhende alikuwa ananyoosha misuli ya miguu, akamwona.

"Mzaramo! Badala ya kwenda unakunywa soda?"

Yassir aliinua chupa juu kumwonyesha, watu wakacheka tena. Akainywa mpaka chini kabisa, mpaka ikabaki hewa. Ndipo akairudisha chupa, akapanda pikipiki.

Lori la Jairo lilikuwa limekwisha kuvuka. Pale lilipokuwa limesimama tangu juma lililopita palibaki majivu ya jiko na doa la oili. Yassir alivuka kwa miguu mpaka Nakonde, anakimbia sasa, sasa ndiyo alikuwa anakimbia, akawauliza vijana wanaobadilisha kwacha pembeni mwa barabara.

"Mulishani, mudala," mmoja alimwamkia kwanza kwa Kibemba. "Lori la bluu la mbolea? Lilisimama hapa muda mzuri tu, dereva anatazama nyuma, anatazama nyuma. Polisi wamelifukuza sasa hivi, lilikuwa limeziba njia."

Alipiga simu ya Jairo. Haikupatikana, laini ya Tanzania ilikuwa imeishia pale pale, na saa ya fainali ilikuwa imefika.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anatafuta uso wa kuvaa. Akauvaa wa utani, maana ndio uliokuwa karibu. Alishuka kwenye pikipiki akanyoosha mikono mitupu hewani, akatangaza kwa sauti kubwa, "Jamani, raketi za Msukuma ziko Zambia! Zimevuka bila pasipoti!"

Huo mlipuko wa kicheko ulisikika mpaka barabara kuu. Watu walijipiga mapaja. Walisema utani wa namna hii haujapata kutokea tangu mpaka uwepo. Luhende alitupa kichwa nyuma akacheka pamoja nao, akasema, "Mzaramo, leo umeniua," na meno yake yote yakaonekana. Halafu akainamisha kichwa, akaitazama mikono yake kwa muda kidogo kabla ya kwenda kuomba raketi.

Mwalimu Osea wa Mbeya, aliyekuwa ametolewa mapema kwenye mashindano, alimwazima yake, raketi nzuri tu, mpini wake mwembamba, laini, wa mpira. Raba alizipata kwa mchezaji wa Lilongwe. Zilimbana vidole, akazivaa hivyo hivyo.

Seti ya kwanza aliichukua kwa mazoea. Danford alikuwa na woga wake wa siku zote, na mipira ya Luhende ilikuwa inagonga saruji na kuruka kama imetupwa na mtu mwenye hasira. Seti ya pili jua lilikuwa limepanda na jasho limeanza. Saruji haina huruma. Inatafuna nyayo na inarudisha joto usoni, na mpira unakuja mzito na wa haraka mpaka mkono wote unatetemeka. Mpini ule laini ukawa unazunguka kiganjani. Yassir, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, aliona Luhende anaanza kuubana kwa nguvu, halafu anaanza kuuhamisha mkononi, halafu anapangusa kiganja kwenye kaptula na kwenye kaptula linabaki doa jekundu. Seti ya pili ikaenda kwa Danford.

Ya tatu walikwenda bega kwa bega. Watu wa Mpemba walikuwa wamesimama wote, wanamshangilia Luhende kwa Kinamwanga, kwa Kinyiha, kwa Kiswahili. Yassir naye alishangilia. Alipiga makofi mpaka viganja vikamwuma, na moyoni alikuwa anamwomba Mungu kwa dhati kabisa kwamba Luhende ashinde, aende zake Lusaka, asirudi, amsahau. Ile tamaa ya asubuhi ilikuwa imetoka yote, imeyeyuka kama haijapata kuwepo, na angeitoa nyumba yake airudishe ile soda kwenye chupa. Lakini sala ilikuwa imechelewa kama pikipiki ilivyochelewa.

Mpira wa mwisho ulikuwa rahisi. Ulikuja polepole, wa kifuani, mpira ambao Luhende angeupiga amefumba macho. Aliinua mkono, mpini ukamgeuka kiganjani, na mpira ukaenda ukagonga wavu ukaanguka upande wake. Ukadunda mara mbili tatu, ukatulia.

Jioni ile Luhende alikula ugali kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa kitambaa. Alimsimulia Naila mchezo wote, anaigiza Danford anavyokimbia, na Naila akacheka. Kisha akamgeukia Yassir.

"Tumetoka sare, wewe mla mihogo. Viatu vyako na raketi zangu. Ila wewe ulioa na kandambili, mke ukampata."

Akacheka, na hakukuwa na kitu chochote nyuma ya kicheko hicho. Yassir alikitafuta. Alimtazama usoni, akatafuta hata unyuzi mmoja wa kinyongo, maana angeupata angeushika, angesema, nikasirikie, nitukane kweli, nipige. Hakuupata. Luhende alikuwa anatii sheria za utani kama mtu mwungwana anavyotii, na ndani ya sheria hizo hapakuwa na mlango wa Yassir kutokea. Kuubeba mfuko, hilo lilikuwa utani. Lori kuvuka, hiyo ilikuwa bahati mbaya, na watu walikuwa wameicheka. Lakini ile soda ilikuwa jambo lake yeye peke yake.

Kesho yake Luhende alipanda gari la kwenda bondeni, kwa baba yake na kwa ng'ombe.

"Unaumwa?" Naila alimwuliza mumewe siku kadhaa baadaye. "Huli, halafu usingizini unasema nakuja, nakuja. Unakwenda wapi?"

"Kazi tu. Foleni."

"Kama ni habari ya Luhende, si ulikuwa utani tu? Yeye mwenyewe amecheka."

"Ndiyo," Yassir alisema. "Ulikuwa utani tu." Akatoka nje.

Kabla mwezi haujaisha, lori la mpunga kutoka Kamsamba lilisimama mlangoni, na utingo akateremsha tenga. Ndani yake mlikuwa na jogoo mweupe, asiye na doa hata la kidole. "Anasema Luhende hivi," utingo alisema, akijitahidi kukumbuka kila neno. "Mwambie yule mvivu fidia yake hii hapa. Ya kupiga magoti atanidai nikija mjini. Na mfuko atanipa siku utakapopatikana."

Naila alipiga vigelegele kwa kuchezea. Yassir alimtazama jogoo. Mtu amepokonywa Lusaka, amerudi kukanyaga mavi ya ng'ombe, na analipa fidia ya mfuko ambao hata hajaupata! Jogoo mwenyewe alikuwa na sauti. Kila alfajiri, saa ile ile ambayo Yassir alinyata sebuleni, alikuwa anawika chini ya dirisha. Naila alitaka kumchinja walipopata wageni, Yassir akakataa. Alitaka kumwuza, akakataa. Mawakala wenzake walianza kumtania kwamba amemrithi jogoo kama mke wa pili, naye akawaacha wamtanie.

Roho ilimsuta mpaka akashindwa. Septemba ikaisha, Oktoba ikaingia na joto lake, Yassir akatoka kwenda Dar es Salaam kwa kazi za watu, akarudi, na aliporudi alikuwa ameamua. Angekwenda Kamsamba, angesema. Utani ukivunjika na uvunjike. Angemwambia: Jairo alinipigia, muda ulikuwepo, pikipiki ilikuwepo, nikanunua soda nikainywa ili wewe ubaki. Aliyarudia neno kwa neno njia nzima, juu ya magunia matupu ya lori la mpunga, jogoo mweupe kwenye tenga katikati ya magoti yake, wakishuka kutoka baridi ya juu kwenda kwenye joto la bonde mpaka shati likamganda mgongoni.

Nyumba ya mzee Makene ilikuwa mwisho wa njia, nyuma ya zizi kubwa la miiba. Yassir alimwona Luhende kutoka mbali, amesimama kati ya ng'ombe, fimbo mabegani, amekonda kidogo na kuwa mweusi zaidi. Moyo ukampanda kwa furaha kabla hajakumbuka alichokuja kufanya, na kabla hajajizuia akapiga kelele kama siku zote.

"Mchunga ng'ombe! Nimekuja kuhesabu kama hujawaoa!"

Luhende aligeuka. Akaiteremsha fimbo mabegani, akaja taratibu, akampa mkono, na kwa mkono wa kushoto akakishika kiwiko chake cha kulia, kama mtu anavyomsalimu mkwe.

"Karibu sana, ndugu Yassir," alisema. "Habari za Tunduma? Shemeji hajambo? Pole na safari."

Yassir alisimama na tenga lake. Akadhani ni mchezo mpya, akangoja kicheko kifuate. Hakikufuata.

"Pita ndani, ndugu yangu. Jua kali."

Walimpa kiti, kile chenye mto, ambacho ni cha wageni. Kabula, dada yake, alileta maji ya kunawa akapiga goti kuyamimina. Ndipo macho ya Yassir yalipozoea giza la ndani akauona mfuko. Ulikuwa umetundikwa ukutani kwenye msumari, zipu imefungwa, na kamba ya turubai ya lori bado imezunguka shingo yake.

"Umeupata," alisema.

"Jairo aliuleta mwenyewe. Alikuja kuchukua mpunga wakati wewe uko Dar, akaona aupitishe." Luhende alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Kiganja cha kulia kilikuwa na kovu jipya, la waridi. "Mtu mwema sana Jairo. Alinisimulia safari yake yote. Alivyokupigia simu. Alivyosimama Nakonde anatazama nyuma, mpaka polisi wakamfukuza. Alikuwa anasikitika kweli. Alidhani wewe ulipata ajali njiani."

Nje ng'ombe mmoja alikuwa analia. Yassir alifungua mdomo, na maneno yote aliyoyarudia juu ya magunia yakawa hayana kazi tena, maana mwenye kuambiwa alikuwa amekwisha kuyajua.

"Luhende," alisema. "Mtani wangu."

"Kabula," Luhende aliita, upole ule ule, "mgeni ana kiu."

Kabula alikuwa amekwisha kutumwa kibandani. Aliingia na chupa moja juu ya sahani, soda ya machungwa, ya moto kwa sababu bondeni hakuna barafu, akaifungua akaiweka kwenye meza ndogo mbele ya Yassir. Luhende akaisogeza karibu naye kwa mikono miwili.

"Kunywa, ndugu Yassir," alisema. "Kunywa taratibu. Huku hakuna foleni."

Yassir aliishika ile chupa. Angeweza kusema haimpendezi, angeweza kuamka na kuondoka, lakini mwenyeji alikuwa amekaa mbele yake akimtazama kwa heshima zote, na heshima ilidai ainywe. Akainywa. Ilikuwa tamu na moto, ikamshuka kama dawa ya mtoto. Alikuwa amekuja amekusudia kuvunja utani kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa alikuwa anakaa mahali ambapo utani ulikuwa umekwisha kuvunjwa bila yeye, ameketishwa kwenye kiti chenye mto. Luhende alingoja mpaka chupa ikawa tupu. Kisha akamshukuru kwa jogoo, akamwambia Kabula amtoe tengani, na akainuka kumsindikiza barabarani.

Lori la kurudi lilipoonekana na vumbi lake, Yassir alijaribu mara ya mwisho.

"Haya, Msukuma. Usije ukalala zizini."

Luhende alimfungulia mlango wa lori. Akangoja mpaka mgeni amekaa vizuri, akaufunga polepole asimbane vidole.

"Ahsante kwa kututembelea, ndugu Yassir," alisema. "Msalimie sana shemeji."

Akarudi kwa ng'ombe wake.